Uhandisi wa Mitambo Ulizaliwa Mgodini, Sio Ofisini

Juzi dada mmoja aliniandikia inbox. Yuko mwaka wa tatu chuoni, anasomea uhandisi wa mitambo. Amepata atachimenti ya miezi mitatu kwenye mgodi. Mamake amekataa katakata: "Sikuuza ng'ombe ndio uende kushinda kwa shimo na ovaroli. Hiyo si kazi ya msichana." Sasa ananiuliza, nimwambie nini mama?

Nilimjibu kwa ufupi. Jibu refu ndilo hili, na linaanzia kwa reli.

Siku ukipanda SGR kwenda Mombasa, angalia chini kabla hujaingia ndani. Kutoka reli moja hadi nyingine ni milimita 1,435. Sio mita moja kama ile reli ya mkoloni, na sio mita moja na nusu. Nani alichagua namba ya ajabu hivyo? Hakuna waziri, hakuna profesa. Ilitoka kwenye njia za mabehewa ya makaa ya mawe kaskazini mashariki mwa Uingereza, mabehewa yaliyokuwa yakivutwa na farasi. Mekanika mmoja wa mgodi alitengeneza garimoshi litoshee njia ile ya mgodi wake, halafu akaendelea na upana uleule kwingine. Baadaye ikaongezwa nusu inchi, na sehemu kubwa ya dunia ikafuata. Jamaa huyo anaitwa George Stephenson. Tutamrudia.

Kwanza elewa shida yenyewe. Adui wa mgodi sio mawe, ni maji. Yeyote aliyewahi kuchimba kisima anajua: ukishuka chini ya kiwango fulani, maji yanaingia, na ukizidi kwenda chini yanazidi kuingia. Miaka ya 1600 migodi ya Uingereza ilikuwa inaachwa na madini bado yamo ndani, kwa sababu farasi na ndoo zilikuwa zimeshindwa kutoa maji.

Mwaka 1698 Thomas Savery alipata hataza, yaani haki ya kisheria ya kumiliki wazo lake, kwa pampu ya mvuke. Wazo lilikuwa poa, lakini kwa mgodi wenye kina kirefu pampu ile haikufua dafu. Aliyefaulu ni Thomas Newcomen, muuza vyuma kutoka mji wa Dartmouth. Huyu hakuwa msomi wa chuo kikuu. Alikuwa fundi.

Mwaka 1712 mtambo wake ulianza kazi kwenye mgodi wa makaa karibu na Dudley. Ulifanya hivi: mvuke unajaza silinda, maji baridi yananyunyizwa ndani, mvuke unaganda kuwa maji na kuacha nafasi tupu, halafu hewa ya nje inasukuma pistoni chini. Pistoni imefungwa kwenye boriti kubwa inayocheza juu na chini kama bembea ya watoto, na upande wa pili wa boriti unavuta pampu. Ilipiga mara 12 kwa dakika, kila pigo likipandisha kama lita 45 za maji kutoka kina cha mita 46 hivi. Na haikulala, haikula nyasi.

Ila ilikula makaa vibaya sana. Karibu na Dudley hiyo haikuwa shida, makaa yalikuwa pale pale. Lakini Cornwall, kule kusini magharibi walikokuwa wakichimba bati na shaba, hakukuwa na makaa. Yaliletwa kwa meli kutoka Wales. Kuendesha pampu huko ilikuwa kama kuendesha jenereta usiku na mchana na wewe ndiye unalipa dizeli.

Hapo ndipo anaingia James Watt. Pengine shuleni uliambiwa aligundua injini ya mvuke. La. Mwaka 1763 alikuwa fundi wa vyombo pale Chuo Kikuu cha Glasgow, akapewa kielelezo kidogo cha mtambo wa Newcomen akitengeneze. Akaona joto jingi linapotea, kwa sababu silinda ileile inachemshwa na kupozwa kila pigo. Dawa yake ilikuwa kuugandisha mvuke kwenye chombo cha pembeni, silinda ibaki moto. Akapata hataza 1769, ikaongezwa muda mpaka mwaka 1800. Yeye na mshirika wake Matthew Boulton waliitoza migodi ya Cornwall thuluthi moja ya pesa za makaa waliyookoa. Biashara safi. Lakini mafundi wa Cornwall waliojaribu kujenga injini za mtindo wao walijikuta kortini.

Hataza ilipokufa mwaka 1800, mlango ukafunguka. Richard Trevithick, mtoto wa msimamizi wa mgodi wa Cornwall, alikuwa anataka mvuke wa shinikizo kubwa, ili injini iwe ndogo na iweze hata kubebwa na magurudumu. Hatari ilikuwa ya kweli: mwaka 1803 boila yake moja ililipuka Greenwich ikaua watu. Hakukimbia. Aliweka kwenye boila kizibo cha risasi kinachoyeyuka maji yakipungua kupita kiasi, mvuke utoke kabla boila haijapasuka. Tarehe 21 Februari 1804, huko Wales, injini yake ilivuta tani 10 za chuma na watu wapatao 70 juu ya reli. Garimoshi lilikuwa limezaliwa.

Lakini kitu ambacho mimi kinanigusa zaidi sio garimoshi. Ni karatasi. Mwaka 1811 wasimamizi wa migodi ya Cornwall walikubaliana jambo la ajabu: kila mwezi, ripoti moja ichapishwe ikionyesha injini ya kila mgodi imetumia makaa kiasi gani na imepandisha maji kiasi gani. Msimamizi mmoja, Joel Lean, ndiye alianza kuisimamia. Hakuna kuficha. Injini yako ikiwa mbovu, kila mtu anaona. Ikiwa nzuri, mafundi wanakuja kuuliza umefanyaje. Ndani ya miaka 30 hivi, kazi iliyopatikana kutoka kwa kipimo kilekile cha makaa ilikuwa imepanda zaidi ya mara mbili. Sio kwa sababu ya genius mmoja. Ni kwa sababu mafundi wengi waliandika walichofanya na kuwaonyesha wenzao.

Sasa turudi kwa Stephenson. Alizaliwa 1781. Babake alikuwa anachochea moto wa injini ya pampu mgodini. George alifika miaka 18 hajui kusoma, akajilipia masomo ya usiku. Alipotengeneza pampu iliyowashinda wengine kwenye mgodi wa Killingworth, wakamfanya msimamizi wa mitambo. Na mwaka 1847, wahandisi wa mitambo wa Uingereza walipounda chama chao rasmi mjini Birmingham, rais wao wa kwanza alikuwa nani? Huyo huyo. Mtoto wa mchochea moto.

Kwa hivyo mama akisema mgodi ni kushusha hadhi ya digrii, historia inasema ni kinyume. Hiyo digrii ndiyo ilitoka mgodini.

Kuhusu "si kazi ya msichana", hilo nalo lina asili. Mwaka 1842 sheria ya Uingereza ilipiga marufuku wanawake wote, na wavulana chini ya miaka 10, kufanya kazi chini ya ardhi. Ukisoma mateso waliyokuwa wakipitia, unaelewa kwa nini. Wanawake na watoto walikuwa wanavuta mabehewa ya makaa kwa minyororo. Lakini kazi ile ya kuvuta ilikuja kufanywa na mashine, na mashine inahitaji mtu wa kuielewa. Mashine haijali aliyeshika spana ni nani.

Hofu ya mama siidharau. Migodi inaua hadi leo, na hapa kwetu tumezika vijana waliofukiwa kwenye mashimo ya dhahabu. Ila angalia ni nini huwa hakuna kwenye mashimo hayo: pampu ya uhakika, feni ya hewa, mtu wa kukagua. Hiyo ndiyo kazi ya mhandisi wa mitambo. Yeye haendi mgodini kuongeza hatari, anaenda kuipunguza.

Na si kila mgodi ni shimo. Kule Kwale, Base Titanium walikuwa wanachimba mchanga wenye titani. Mchanga ulifumuliwa kwa maji ya nguvu, ukapigwa kwa pampu kupitia mabomba hadi kiwandani, madini yakapelekwa Likoni kupakiwa melini. Pampu, mabomba, mitambo, pampu tena. Mwisho wa 2024 uchimbaji ukafungwa, baada ya miaka kumi na kitu.

Swali langu ndilo hili: yule fundi aliyejua pampu fulani hulia vipi siku mbili kabla ya kuharibika, ujuzi wake uko wapi leo? Madini yalienda na meli, sawa. Ujuzi haukuhitaji kwenda. Lakini ujuzi usioandikwa huondoka na mwenyewe, akipata kazi Zambia au akirudi nyumbani kulima. Cornwall waliligundua hilo 1811. Sisi tunangoja nini?

Kwa hivyo dada, mwambie mama hivi: siku akipanda SGR aangalie zile reli, kisha umsimulie mtoto wa mchochea moto. Akikubali uende, beba helmeti, buti na daftari. Kila pampu itakayokufa, andika ilikufa vipi na mliifufua vipi. Miezi mitatu ikiisha, hilo daftari usilifungie kwa sanduku. Wapatie wanaokuja nyuma yako.