Shaba, Upepo na Joto: Historia Fupi ya Kupoza Prosesa Kuukuu katika Uwanda wa Manika

Wanahistoria wa Katanga wameandika mengi kuhusu jinsi shaba inavyotoka ardhini, na machache mno kuhusu jinsi inavyorudi. Makala haya yanakusudia kuifuata safari hiyo ya pili kwa kutazama kitu kidogo: prosesa ya kompyuta kuukuu ambayo feni yake imekufa. Msomaji asidhani kwamba tunaiacha historia na kuhamia karakana. Swali la namna ya kuondoa joto pale upepo unapokoma linahusu madini yale yale, na hewa ile ile, ambayo kazi za Manika zimeyategemea kwa karne nyingi.

Manika ni jina la uwanda wa juu. Ni jina pia la mojawapo ya komini mbili za jiji la Kolwezi, ya pili ikiwa Dilala. Jiji lenyewe, ambalo tangu 2015 ni makao makuu ya mkoa wa Lualaba, liko zaidi ya mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Jambo hilo la urefu tutalirudia, kwani lina uzito wake katika hoja yetu.

Kabla ya kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga kuundwa mwaka 1906, shaba ya nchi hii ilichimbwa na kuyeyushwa na Wasanga na, katika karne ya 19, na Wayeke waliokuwa chini ya Msiri, aliyefariki mwaka 1891. Mmisionari wa Kibenedikto, Jean-Félix de Hemptinne, alichapisha mwaka 1926 maelezo ya kazi hiyo, akiwaita wenye kazi hiyo “wala shaba”. Kazi ilifanywa wakati wa kiangazi. Mawe ya kijani ya malakiti yalipangwa pamoja na makaa katika tanuri lililojengwa kwa udongo wa kichuguu, kisha mivukuto ikapuliza. Zao lake lilikuwa pamoja na ile misalaba ya shaba ambayo imefukuliwa kwa wingi makaburini, hasa Sanga karibu na ziwa Kisale. Ustadi wote wa mfua shaba ulikuwa katika kuujua upepo. Upepo ukipungua, tanuri hupoa na shaba hubaki ndani ya jiwe.

Katika prosesa kanuni imegeuka kichwa chini. Hewa ya mvukuto huongeza joto kwa kulisha moto. Hewa ya feni hulichukua joto na kwenda nalo. Mvukuto ukikoma kazi inapoa, feni ikikoma kazi inaungua. Hatudai kwamba fundi wa kompyuta wa Kolwezi amerithi elimu yake kwa wala shaba; dai la namna hiyo lingekuwa tamu kuliko kweli. Tunachosema ni kwamba wote wawili hushughulika na shaba, hewa na joto.

Prosesa za mwanzo hazikuhitaji upepo wowote. Ile ya 386, iliyotolewa na Intel mwaka 1985, ilikaa wazi juu ya bodi kuu bila hata bamba la kupozea. Ni katika ukoo wa 486 ndipo mabamba, na baadaye feni, yalipoanza kuzoeleka. Pentium ya kwanza, mwaka 1993, ilikuwa ikitoa hadi wati 16 hivi. Athlon ya megahezi 1,400, mwaka 2001, ilipita wati 70, yaani zaidi ya balbu ya wati 60 iliyobanwa katika kipande kisichofikia ukubwa wa stempu. Sababu yake inajulikana: joto la prosesa hukua pamoja na kasi yake, na hukua kwa kipeo cha pili cha volti inayopewa. Volti zilipunguzwa mwaka hata mwaka, lakini kasi ilizikimbia.

Hapo ndipo shaba ilipoingia kwa mlango wa mbele. Mwaka 1997 IBM ilitangaza kwamba itatumia shaba badala ya alumini katika nyaya nyembamba mno zilizo ndani ya prosesa. Watengenezaji wa mabamba ya kupozea nao waligeukia shaba, kwa kuwa hupitisha joto kwa kiasi kinachokaribia mara moja na nusu na robo ya alumini. Kuna kichekesho hapa ambacho mwanafunzi wa historia ya Katanga hapaswi kukikosa. Mwaka 1999 Intel ilitoa Pentium III iliyopewa jina la ndani la Coppermine, yaani mgodi wa shaba, kwa kufuata mto wa Kanada wenye jina hilo. Nyaya za ndani za “mgodi” huo zilikuwa za alumini tupu.

Turudi sasa Kolwezi. Kompyuta iliyobuniwa kwa ajili ya ofisi ya Ulaya inapofika hapa mkono wa pili, hukuta mambo mawili ambayo mbunifu hakuyafikiria sana. La kwanza ni hewa yenyewe: kwa urefu huu ni nyepesi kuliko ya pwani kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi, hivyo feni inayozunguka kwa kasi ile ile hubeba joto pungufu. La pili ni vumbi jekundu la kiangazi, ambalo hujaza mapezi ya bamba na kunyonya mafuta ya bushi ya feni hadi ikwame. Kwa hiyo feni hufa mapema, na hufa mahali ambapo ilihitajiwa zaidi.

Kinachofuata hutegemea umri wa prosesa. Jaribio lililoonyeshwa hadharani mwaka 2001 lilithibitisha kwamba Athlon za wakati huo, zikiondolewa bamba lote, ziliungua kufumba na kufumbua. Pentium III ilisimama. Pentium 4 ilijipunguzia kasi ikaendelea. Feni kukwama si sawa na bamba kuondolewa, kwa sababu shaba au alumini iliyobaki huendelea kulimeza joto kwa muda. Muda huo ndio mtaji wa fundi.

Fundi mwangalifu huzima mashine kwanza, akaisafisha kwa brashi kavu. Feni iliyokwama mara nyingi hufufuka: hubanduliwa karatasi iliyo mgongoni mwake, likatiwa tone moja la mafuta ya cherehani, karatasi ikarudishwa. Isipofufuka, feni ya volti 12 kutoka katika mashine iliyokufa hufungwa juu ya bamba, hata kwa waya, mradi isiguse bodi. Grisi ya kupitishia joto iliyokauka hufutwa na kupakwa upya, kwa utando mwembamba. Mashine husimamishwa ili mapezi yaelekee juu na chini, hewa ya moto ipate njia ya kupanda yenyewe. Wengi huacha kifuniko wazi. Kwa wiki moja inasaidia, baada ya mwezi vumbi linadai deni lake.

Njia inayotuvutia zaidi ni ile ya kuipunguzia prosesa kazi. Pentium III ya megahezi 1,000 inayokwenda kwa njia ya megahezi 133 ikirudishwa kwenye njia ya megahezi 100, hufanya kazi kwa megahezi 750, na joto lake, ambalo kwa kawaida ni karibu wati 30, hushuka kwa takriban robo. Programu nazo zina historia yake: Windows 95 iliiacha prosesa izunguke bure hata pasipo kazi, ilhali Linux na Windows NT ziliiamuru ipumzike. Mashine ile ile, chini ya mfumo tofauti, ilikuwa baridi zaidi.

Sheria hiyo haikuhusu vitu vidogo peke yake. Njia ya umeme ya Inga–Shaba, yenye urefu wa kilomita 1,700 hivi, ilianza kazi mwaka 1982, na inaishia Kolwezi, ambako umeme wa mkondo mmoja hugeuzwa kwa vali za silikoni ili uendeshe migodi. Silikoni ile nayo hutoa joto ambalo ni lazima liondolewe bila kukoma.

Kwa watu wa idara zetu, jambo lenye hatari liko kwingine. Mahojiano ya wazee, orodha za msamiati wa Kiswahili cha Katanga na tasnifu ambazo hazikuchapishwa zimelala katika diski za mashine za namna hii. Anayekuta feni imekufa asiilazimishe mashine siku nzima: aiwashe ikiwa imepoa, anakili kinachonakilika kwa dakika chache huku akiligusa bamba, aizime, angoje, aanze tena. Mwenye 386 hana haja ya kungoja. Intel iliendelea kuitengeneza hadi mwaka 2007, kwa ajili ya mitambo isiyo na haraka.