Basketi: filimbi ya mwamuzi na ushuhuda wa video

Tarehe 28 Januari 2023, mjini Boston huko Marekani, mchezaji Patrick Beverley wa Los Angeles Lakers alichukua kamera ya mpiga picha aliyekuwa kando ya uwanja, akampelekea mwamuzi. Alitaka mwamuzi ajionee jambo lililotokea sekunde chache tu nyuma: LeBron James anarukia kikapu, na mkono wa Jayson Tatum wa Boston Celtics unampiga kwenye mkono. Timu zilikuwa sawa, 105 kwa 105, muda wa kawaida ulikuwa umeisha, na filimbi haikulia. Jibu alilopata Beverley ni kuandikiwa faulo ya kiufundi. Lakers walipoteza katika muda wa nyongeza, 125 kwa 121.

Usiku ule ule, kiongozi wa waamuzi wa mechi hiyo alikubali kwamba faulo ilikuwapo na kwamba yeye na wenzake hawakuiona. Matokeo hayakuguswa.

Ugomvi huo kati ya jicho na picha ni wa zamani kuliko wachezaji wote waliokuwa Boston siku ile. Wazee waliofuata basketi kwenye redio wanakumbuka fainali ya Michezo ya Olimpiki ya Munich, mwezi wa tisa mwaka 1972, Marekani dhidi ya Umoja wa Kisovieti. Zikiwa zimebaki sekunde 3, Doug Collins alitia mitupo yake miwili ya adhabu, na Marekani wakawa mbele 50 kwa 49. Kisha vurugu ikaanza kwenye meza ya saa. Mpira uliingizwa, mchezo ukasimamishwa. William Jones, Mwingereza aliyekuwa katibu mkuu wa shirikisho la dunia la basketi, FIBA, alitoka alipokuwa ameketi akaagiza sekunde 3 zirudishwe, ingawa sheria za mchezo hazikumpa kazi hiyo. Mpira ukaingizwa mara ya pili kabla saa haijawekwa sawa, honi ikalia, Wamarekani wakaanza kushangilia. Wakaambiwa tena warudi uwanjani. Mara ya tatu Ivan Edeshko alirusha mpira kutoka upande mmoja wa uwanja hadi mwingine, Alexander Belov akaupokea chini ya kikapu na kuutia. 51 kwa 50.

Mwamuzi Renato Righetto, Mbrazil, alikataa kutia sahihi kwenye karatasi ya mechi. Malalamiko ya Marekani yalipelekwa mbele ya watu watano, na watatu kati yao wakayakataa. Televisheni ilikuwa imeonyesha kila kitu, lakini wakati huo hakukuwa na sheria ya kumruhusu mwamuzi asimame mbele ya kioo na kuangalia upya. Dunia nzima iliona, isipokuwa wale waliopaswa kuamua.

Miaka 30 ilipita. Ni kikapu kimoja kilichosukuma ligi kubwa ya Marekani, NBA, ibadili mambo. Tarehe 26 Mei 2002, Lakers wakicheza na Sacramento Kings, Samaki Walker alirusha mpira mwishoni mwa nusu ya kwanza, ukaingia, akapewa pointi 3. Video ilionyesha wazi kwamba saa ilipofika sifuri mpira ulikuwa bado mikononi mwake. Lakers walishinda mechi hiyo 100 kwa 99. Kings wangekuwa wameongoza kwa ushindi 3 dhidi ya 1; badala yake wakawa 2 kwa 2, na mwishowe Lakers ndio waliochukua ubingwa. Kuanzia msimu wa 2002-03, waamuzi wa NBA waliruhusiwa kuangalia video kwa mipira inayorushwa saa inapokwisha. Taa nyekundu nyuma ya ubao nazo ziliwasaidia: taa ikiwaka na mpira bado uko mkononi, kikapu hakihesabiwi.

Hapo Wakongomani wana jambo lao. Dikembe Mutombo, mtoto wa Kinshasa, alicheza NBA kutoka 1991 hadi 2009, na kazi yake kubwa ilikuwa kuzuia mipira ya wengine. Sheria inasema mpira ukishaanza kushuka kuelekea kikapu, beki haruhusiwi kuugusa. Je, ulikuwa unapanda ao unashuka? Ni tofauti ya kupepesa jicho. Mutombo alizuia mipira 3,289, na katika miaka yake swali hilo lilijibiwa kwa jicho la mwamuzi peke yake. Ni msimu wa 2012-13 tu ndipo NBA iliporuhusu video itumike kwa swali hilo, tena katika dakika 2 za mwisho.

Aibu ya 2007 nayo ilikuwa na uzito wake. Mwamuzi Tim Donaghy alikiri mahakamani makosa yanayohusu kamari katika mechi alizozisimamia mwenyewe, akafungwa. Baada ya hapo mashabiki wengi hawakuridhika tena na kuambiwa kwamba waamuzi ni watu waaminifu. Walitaka kuona.

Mwaka 2014 NBA ilifungua kituo cha video huko Secaucus, New Jersey, na mwezi wa tatu mwaka 2015 ikaanza kutangaza ripoti ya dakika 2 za mwisho za mechi zilizokaribiana. Ripoti hiyo inapima mambo manne: filimbi iliyolia kwa haki, filimbi iliyolia kwa kosa, kunyamaza kwa haki, na kunyamaza kwa kosa. Hilo la nne ndilo lenye maana kubwa zaidi. Ukihesabu filimbi zilizolia peke yake, mwamuzi ataonekana hodari sana, kwa sababu makosa mengi yanayoandikwa humo ni ya filimbi iliyonyamaza. Chama cha waamuzi hakikupenda ripoti hiyo, na hata LeBron James aliwahi kuipinga. Lawama yao ina msingi: kosa la dakika ya tano linaweza kuharibu mechi sawasawa na la mwisho, lakini halitangazwi.

Tangu msimu wa 2019-20 kocha naye anaweza kuomba video iangaliwe. Ila ombi lake linahusu uamuzi uliotolewa. Pale Boston hakukuwa na uamuzi wa kupinga, kwa kuwa filimbi haikulia. Na hata video ikiwashwa, lazima ionyeshe kosa bila shaka, la sivyo uamuzi wa kwanza unabaki. Picha ikienda polepole inaonyesha mkono umegusa, lakini nguvu ya kipigo haipimiki vizuri. Tena yaweza kuonyesha mpira ulioguswa mwisho na ncha ya kidole cha mtu aliyepokonywa, jambo ambalo kwenye uwanja wa mtaa hapa Goma ao Bukavu hakuna angelibishania.

 Wachezaji wa Marekani walikataa kuchukua medali za fedha za Munich mwaka 1972, wakaendelea kuzikataa kwa miaka mingi.