Safu ya Lugha: Pato na Kipato

Tangu Benki ya Dunia ilipoiingiza Tanzania katika daraja la chini la nchi za kipato cha kati, tarehe 1 Julai 2020, kwa kuwa pato la taifa kwa kila mtu lilifika dola 1,080 katika mwaka 2019, imekuwa ada ya wasemaji wetu kunena kwamba kila Mtanzania “anapata” dola hizo. Na hapa Kunduchi wavuvi na waponda kokoto wa Mtongani huulizana, si bila kejeli, fungu lao kalichukua nani. Maneno haya, pato, kipato na mapato, shina lake ni moja, kupata, lakini pato la taifa ni jumla ya wanachokichuma wenyeji wote, ambayo wahasibu huigawanya kwa idadi ya watu ili wapate wastani, neno litokalo kwa Waarabu, ambao kwao wasat ni katikati. Kipato ni kile kimwingiacho mtu mkononi. Na mapato ni ya duka, halmashauri au hazina.

Hali kadhalika, atulinganishaye na Kenya mwaka hata mwaka na atahadhari: Septemba 2014 Wakenya walisahihisha daftari la uchumi wao, pato likaongezeka takriban robo nzima, wakaingia daraja hilohilo kabla yetu, ilhali mchuuzi wa Mombasa aliamka na shilingi zilezile. Basi, pato la Kenya kwa kila mtu limelizidi letu, naam. Lakini kwamba kipato cha Mkenya fulani chamzidi Mtanzania fulani, hilo lataka ushahidi mwingine.