Usukani Ulianza Baharini, Si Kwa Gari

Wasee, juzi niliweka video ya mashua ya marehemu babu yangu ikiwa imepandishwa juu pale Matondoni, inafanyiwa ukarabati. Nikauliza swali moja tu: tuifunge nini nyuma? Kana ya mbao kama zamani, ama gurudumu na kebo kama boti za watalii?

Maoni yakawaka. Wengi wenu mlisema gurudumu. Mmoja akaniambia kana ni ushamba, eti "wekeni usukani wa kisasa."

Hapo nikacheka, kwa sababu hilo neno lenyewe limemsaliti.

Usukani ni neno la bahari. Asili yake ni Kiarabu, na maana yake ni lile bapa la mbao linaloning'inia nyuma ya chombo ndani ya maji. Kana ni ule mti unaoushika kuligeuza. Magari yalipokuja, watu walichukua neno la chomboni wakalipachika kwa gari. Rubani pia ni hivyo hivyo: alijua njia za baharini kabla hajapewa ndege. Kwa hivyo dere wa matatu anayekuringia kule Nairobi ameshika kitu cha mabaharia.

Na ni kitu cha zamani sana. Kuna picha ya al-Wasiti, iliyochorwa Baghdad mwaka wa 1237, inaonyesha jahazi lenye usukani umefungwa nyuma. Karne ya 10, al-Muqaddasi alikuwa tayari ameandika kuhusu usukani wa kuvutwa kwa kamba katika Bahari ya Shamu. Na gurudumu je? Mwaka wa 1938 Alan Villiers, baharia wa Australia, alipanda jahazi kubwa la Kuwait lililokuja na kaskazi hadi pwani yetu, likapakia boriti za mikoko Rufiji. Majahazi yale yalikuwa na gurudumu. Kwa hivyo wale wanaoita gurudumu "kisasa" wamechelewa sana.

Swali la kweli ni kazi gani unafanya. Jahazi la Kuwait lilikuwa kubwa, na usukani wake mzito: mkono mtupu hauwezi kuushikilia usiku kucha bahari kuu. Gurudumu na kamba zinapunguza ile nguvu. Hata vijana wa Marekani wanaofufua Ford za 1932 hubishana vivi hivi: tubaki na boksi ya stearingi ya zamani, ama tuweke mpya iliyo laini?

Mashua ya babu ni ndogo, na njia yake ni Mkanda, ule mlango mwembamba kati ya Manda na bara. Maji yakipwa, unapita na mchanga uko chini yako. Kana inakuambia kitu. Usukani ukigusa mchanga, unasikia mkononi kabla ya macho kuona. Ikivunjika, unakata mti mwingine.

Mwaka jana nilipanda boti ya gurudumu kutoka Faza. Ndani ya Mkanda, maji yakitoka, kebo ikakatika. Chumvi ilikuwa imeila kwa ndani, hakuna aliyeona. Gurudumu likazunguka bure kama la gari la mtoto, tukapanda mchanga, maji yakatuacha. Kulikuwa na mama anampeleka mwanawe hospitali Lamu, mtoto ana homa. Tulikaa hapo mpaka maji yakajaa tena, saa nyingi, yule mama anampepea mwanawe kwa leso. Mtoto alipona, alhamdulillahi. Lakini ile sura ya mamake sijaisahau.

Sisemi gurudumu ni baya. Kwenye boti ya mashine kubwa, nahodha anakaa mbele, anaona mbele, abiria hawamzibi. Kana inachosha bega, na ukiwa nyuma lazima uchungulie vichwa vya watu. Hayo ni kweli. Lakini kebo inataka kufunguliwa, kupakwa grisi na kubadilishwa mapema. Kama huna pesa ya hiyo kazi, usinunue hilo gurudumu.

Mjomba alinisikiliza, akasema neno moja: "Kana." Fundi ameshaanza kuichonga.

Kwa hivyo kabla hujaita kitu ushamba, uliza kilifanywa kwa kazi gani. Na wewe, nyumbani kwenu kuna nini cha zamani ambacho bado kinashinda kipya? Niambie.