Nani Alipie Ugeni wa Dereva? Historia Fupi ya Bima ya Gari

Kijana wa miaka 18 nchini Uingereza akishafaulu mtihani wa udereva hukabiliwa na mtihani wa pili, usiomo katika kitabu cha alama za barabarani. Amenunua gari kuukuu kwa akiba ya vibarua vya likizo. Anapouliza bima, anaambiwa kuwa ada ya mwaka mmoja inazidi bei ya gari lenyewe. Hali hii ni ya kawaida huko. Ndugu zetu waliohamia London au Leicester wanaifahamu vizuri, na wengi huistaajabia, maana Dar es Salaam walikotoka gari dogo la binafsi hukatiwa bima ndogo kwa shilingi 118,000 pamoja na kodi, awe dereva wake ni babu au mjukuu.

Wepesi wa kusema kwamba huko ni kwao na huku ni kwetu unatuficha jambo muhimu. Bima ya lazima ya Uingereza na ya kwetu zina mzazi mmoja. Zimetofautiana katika kujibu swali moja la kisiasa: gharama ya ugeni wa dereva iwekwe mabegani mwa nani?

Kabla ya mwaka 1930, jibu la Uingereza lilikuwa la kikatili. Bima ilikuwa hiari. Mtembea kwa miguu aliyegongwa na dereva maskini aliweza kushinda kesi mahakamani na bado akarudi nyumbani mikono mitupu, kwa sababu aliyemgonga hakuwa na kitu cha kulipa. Mwaka 1930 pekee, zaidi ya watu 7,000 walikufa katika barabara za nchi hiyo. Sheria ya Barabara ya mwaka huo ikaamuru kila anayeendesha gari awe na bima ya kumlipa mtu mwingine atakayemdhuru. Mtihani wa lazima wa udereva ulikuja baadaye, mwaka 1935. Msomaji atazame mpangilio huo: dola ilimlazimisha raia kukata bima kabla haijamlazimisha kuthibitisha kuwa anajua kuendesha. Lengo lilikuwa kumlinda anayegongwa, nalo lilikuwa lengo jema. Hata hivyo sheria ililazimisha ununuzi bila kupanga bei. Bei iliachiwa kampuni.

Kwa miongo kadhaa kampuni nyingi zilifuata viwango vya pamoja walivyokubaliana zenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 1960 utaratibu huo ulivunjika, na kila kampuni ikaanza kuwinda madereva wenye ajali chache kwa kuwapa bei nafuu. Moja ya kampuni zilizokuwa mstari wa mbele katika ushindani huo, Vehicle and General, ilianguka Machi 1971 na kuwaacha mamia ya maelfu ya wateja bila bima. Lakini mantiki ya ushindani haikufa pamoja nayo. Ukimpunguzia bei dereva wa miaka 50 aliyekaa muda mrefu bila ajali, gharama aliyokuwa akiibeba kwa ajili ya wengine haipotei. Inahamia kwa asiye na historia yoyote. Naye ndiye kijana aliyepata leseni jana.

Tuwe waadilifu. Kampuni hazikubuni hatari hiyo. Madereva vijana hupata ajali kwa kiwango kinachozidi idadi yao, na sheria ya Uingereza inataka fidia ya majeraha ilipwe bila kikomo, hivyo abiria mmoja aliyevunjika uti wa mgongo anaweza kugharimu mamilioni ya pauni. Tatizo ni kwamba kijana mwangalifu analipa kwa ajili ya kundi alilozaliwa nalo, si kwa tendo alilofanya. Na kuchagua makundi ni siasa. Machi 2011 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kuwa bima isipangwe tena kwa jinsia, na kuanzia tarehe 21 Desemba 2012 wasichana waliokuwa wakilipa pungufu kuliko wavulana waliondolewa nafuu hiyo. Takwimu za ajali hazikubadilika siku hiyo. Kilichobadilika ni uamuzi wa kuzitumia. Umri uliachwa. Sheria ya Uingereza inayokataza ubaguzi wa umri katika huduma iliziacha huduma za fedha nje ya katazo hilo.

Matokeo yake yanamwumiza zaidi asiye na wazazi wenye uwezo. Mwenye nacho hulipiwa na baba. Asiye nacho hushawishika kuandikisha gari kwa jina la mama kana kwamba yeye ndiye dereva mkuu, jambo ambalo ni udanganyifu mbele ya kampuni. Wengine huendesha bila bima kabisa. Wakikamatwa, adhabu ni faini na alama 6 katika leseni. Na kwa sheria ya mwaka 1995, dereva aliyepata alama 6 ndani ya miaka miwili ya mwanzo hufutiwa leseni. Umaskini wa mwanzo unageuka kosa, na kosa linamrudisha kijana kituo cha basi. Sasa kampuni huwapa vijana nafuu wakikubali kufungiwa kifaa kinachopima mwendo, ufungaji wa breki na saa za safari. Angalau kifaa hicho hupima mwenendo wa mtu mwenyewe, ingawa bei yake ni kuchunguzwa kila aendako.

Turudi kwetu. Wazo la 1930 lilisafiri pamoja na utawala wa kikoloni. Kenya ilipata sheria yake ya bima ya mtu wa tatu mwaka 1945. Sheria ya Tanzania, Sura ya 169, ni ya ukoo huo huo. Njia ziliachana baada ya uhuru. Kufuatia Azimio la Arusha la 1967, biashara ya bima nchini Tanzania iliwekwa mikononi mwa Shirika la Bima la Taifa, lililoanzishwa mwaka 1963. Soko lilipofunguliwa tena kwa sheria ya mwaka 1996, halikuachiwa bei kikamilifu: vipo viwango vya chini vinavyosimamiwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, na bima ndogo hupangwa kwa aina ya chombo. Hata bima kubwa ya gari la binafsi huanzia asilimia 3.5 ya thamani ya gari. Gari la shilingi milioni 15 litalipiwa 525,000 kabla ya kodi, bila kujali miaka ya mwenye nalo. Kwa utaratibu huu, ugeni wa mmoja hubebwa na wote.

Je, tujipongeze? Si haraka hivyo. Dereva mpya wa kweli katika nchi yetu mara nyingi hana gari. Ni kijana wa bodaboda anayepeleka hesabu kwa tajiri kila jioni. Bima ndogo ya pikipiki hiyo humlinda anayegongwa, haimlindi yeye. Akivunjika mguu, gharama ni yake na ya mama yake. Na huyo anayegongwa, anayelindwa na sheria, je, anajua? Familia ngapi hupokea mkono wa pole na kunyamaza, bila kujua kuwa zina haki ya kudai fidia kwa kampuni ya bima? Bei ndogo isiyofuatwa na fidia ni ushuru tu wa kupita mbele ya trafiki.

Ipo njia ya tatu. Afrika Kusini haimlazimishi dereva kununua bima ya mtu wa tatu. Mfuko wa umma hulipa majeraha na vifo kwa fedha za tozo katika kila lita ya mafuta. Kijana hafungiwi mlango, lakini mfuko huo umeelemewa na madeni kwa miaka mingi. Hakuna mpango usio na gharama. Kila mpango huchagua wa kuibeba.

Kwa watumishi wa umma wanaosoma hapa, naona mambo matatu. Kiwango kisichoangalia umri kilindwe, kwani siku ushindani wa makundi utakapoingia, watakaoumia kwanza ni wahitimu wanaotafuta ajira ya udereva. Nafuu itolewe kwa mwenendo unaothibitika: mafunzo yaliyokamilika na mwaka uliopita bila ajali. Tatu, haki ya fidia ielezwe kwa Kiswahili chepesi katika kila kituo cha polisi na hospitali, na bima ya mwendesha bodaboda mwenyewe iingizwe katika wajibu wa mwenye chombo. Kijana anayeanza adaiwe umakini barabarani. Utajiri wa baba yake haupunguzi ajali hata moja.