Rumangabo: michezo ya kinywa katika barabara ya kukimbia

Rumangabo, katika usultani wa Bwisha, wilaya ya Rutshuru, inajulikana mbali kwa mambo mawili: kambi ya jeshi na makao makuu ya Parke ya Virunga, iliyoundwa mwaka 1925. Kuna historia nyingine ambayo haikuandikwa. Ni ile ya vitu ambavyo watoto wadogo walipeleka kinywani ili kucheza.

Udongo wa volkano unatoa maboga, mahindi, mtama na maharagwe, na michezo ilitoka katika shamba hilohilo. Kikonyo cha jani la boga kina tundu ndani. Kikikatwa na kupasuliwa kidogo ubavuni, kinalia kama tarumbeta. Jani la nyasi likibanwa kati ya vidole gumba viwili linapiga mluzi. Bua la mtama mtamu linamenywa na kutafunwa. Mtoto ambaye hajaweza kupuliza anafundishwa na nyanya yake kulia kama mbuzi, kama jogoo, hata kama pikipiki inayopanda mlima.

Wakubwa waliita hayo kupoteza wakati, lakini yalikuwa masomo. Mtoto mchanga anaijua dunia kwa kinywa: baridi na moto, laini na ngumu, tamu na chungu. Akitafuna na kuiga sauti, anazoeza midomo na ulimi ambavyo atavitumia kula na kusema.

Julai 1994 kinywa kikawa mlango wa kifo. Kwa siku chache mamia ya maelfu ya wakimbizi waliingia kutoka Rwanda, na kambi za Kibumba, Katale na Kahindo zikaota kandokando ya barabara ya Goma–Rutshuru. Kipindupindu na kuhara damu viliua karibu watu 50,000 katika mwezi wa kwanza. Mama aliyemnyang'anya mtoto kila kitu alichookota chini alikuwa na sababu.

Vita vya M23 vilipita Rumangabo mwaka 2012, vikarudi mwaka 2022. Mwishoni mwa Oktoba mwaka huo familia nyingi zilitembea hadi Kanyaruchinya, wakalala juu ya mawe ya lava. Huko hapakuwa na shamba, maji yalipatikana kwa foleni, na kipindupindu kikaingia tena. Februari 2025 kambi zilizozunguka Goma zilivunjwa, na wengi wakarudi vijijini.

Katika safari hizo zote hasara moja haikuhesabiwa. Mchezo wa kinywa unapita kutoka kwa nyanya hadi kwa mjukuu, na vita viliwatenganisha wawili hao. Mtoto aliyezaliwa chini ya hema mwaka 2022 huenda hajawahi kusikia boga likilia. Na kucheza ni haki yake: imo katika kifungu cha 31 cha Mkataba wa Haki za Mtoto, ambao nchi hii, ikiitwa Zaire, iliridhia mwaka 1990.

Kurudisha michezo hiyo hakuhitaji pesa; kunahitaji usafi na macho ya mtu mzima. Mikono ioshwe kwa sabuni, au kwa majivu ikikosekana. Kikonyo kioshwe kwa maji yaliyochemshwa, na kila mtoto awe na chake. Aliyefikisha miezi 6 aonjeshwe parachichi iliyopondwa, kisha uji wa vuguvugu, huku mama akitaja jina la kila kimoja. Mkubwa kidogo apulize unyoya wa kuku juu ya mkeka, akishindana na ndugu yake. Maharagwe, punje za mahindi na karanga vikae mbali na wadogo, kwa sababu vinakaba koo.

Anayeishi mahali pasipo shamba bado anaweza kuanza na sauti ya jogoo na ya mbuzi. Anayerudi kwenye shamba lake apande boga mvua zikianza: jani litakwenda chunguni, kikonyo kitabaki kwa mtoto.