Badin: Nyumba ya Mafundi Iliyogeuka Bweni la Wasichana

Katika Chuo Kikuu cha Notre Dame, jimboni Indiana nchini Marekani, wasichana wa bweni la Badin wanaishi katika nyumba ambayo haikujengwa kwa ajili yao. Ilijengwa mwaka 1897 ili wavulana wafundishwe kazi za mikono, nayo ikawa shule ya ufundi ya Mtakatifu Yosefu.

Mwaka 1917 iligeuzwa bweni la wanachuo wanaume, ikapewa jina la Padri Stephen Badin. Mfaransa huyo, aliyepata upadri mwaka 1793, ndiye wa kwanza kupewa daraja hilo ndani ya Marekani, na ndiye aliyenunua ardhi ambayo chuo kilianzishwa juu yake mwaka 1842.

Wasichana waliingiaje? Wapo wanaotaja mkondo wa nyakati, kwani vyuo vikuu vya Yale na Princeton vilikuwa vimewafungulia milango mwaka 1969. Wengine wanataja chuo jirani cha masista, Saint Mary's: mpango wa kuviunganisha vyuo hivyo viwili ulivunjika mwaka 1971, nacho Notre Dame kikaamua kupokea wasichana chenyewe. Maelezo yote mawili yana uzito. La kwanza linaeleza kwa nini swali liliulizwa. La pili linaeleza kwa nini jibu lilikuja kwa haraka.

Haraka hiyo ndiyo iliyoamua makazi. Hapakuwa na muda wa kujenga, kwa hiyo mwaka 1972 wanaume wa mabweni ya Badin na Walsh walihamishwa, wakilalamika, ili kuwapisha wasichana wa kwanza wa shahada ya kwanza, wapatao 365. Mabweni yaliyojengwa mahsusi kwa wasichana yalifunguliwa mwaka 1981.

Wasichana wa Badin walirithi kuta na kikanisa cha ndani. Mila ilibidi wajitungie. Kwa kuwa chuo hakina vyama vya udugu vya wanafunzi, bweni ndilo ukoo wa mwanachuo: lina mlezi anayeishi humo, Misa yake na timu zake. Wenyeji wa Badin walijichagulia chura kuwa nembo yao, na wakati wa baridi kali hujitosa ziwani ili kuchangisha fedha za wahitaji. Ziwa lenyewe ni la Mtakatifu Yosefu, msimamizi yule yule wa mafundi wa mwaka 1897.